Mtoto Hataki Kula: Kazi ya Mzazi Iishie Wapi?

Leo nazungumzia jambo linalozua ugomvi katika nyumba nyingi kila ifikapo saa 7 mchana na saa 1 usiku: mtoto wa mwaka mmoja na nusu, wa miaka miwili, wa mitatu, amewekewa chakula mbele yake na hataki kula. Bibi anasema mtoto kadekezwa. Mama anashuku minyoo. Baba anasema apewe anachotaka, almradi asilale na njaa. Wote watatu wanabishana namna ya kumfanya amalize kilichopakuliwa, na mimi naona ubishi huo umepotea njia tangu mwanzo. Kiasi atakachokula mtoto mzima wa afya si uamuzi wa mtu mzima. Mtu mzima ana kazi yake mezani au mkekani, tena kubwa kuliko wengi wanavyodhani, ila kazi hiyo ina mpaka, na mpaka wenyewe ni mdomo wa mtoto. Najua kauli hii inawakera watu, na baadhi yao wana haki ya kukereka. Nipeni nafasi niitetee.

Tuanze na mizani ya kliniki, maana haina upendeleo. Mtoto anazaliwa na kilo 3 na kitu. Akitimiza mwaka, kwa kawaida uzito huo umekuwa mara tatu, kilo 9 au 10 hivi. Yaani katika miezi 12 amejiongezea kama kilo 6. Sasa tazama mwaka wa pili: mtoto huyo huyo, akiwa mzima kabisa, anaongeza kilo 2 na nusu tu. Mwili umepunguza mwendo wa kukua, na hamu ya chakula nayo imepungua. Ndiyo maana yule aliyekuwa akimaliza bakuli la uji akiwa na miezi 8 na kulilia kijiko, akifika miezi 18 anakula vijiko vitano, anageuza shingo, anateremka na kumkimbilia paka. Mama anaona kuna kitu kimeharibika, na majirani wanamsaidia kuogopa. Isitoshe, mtoto wa umri huu hali sawasawa kila siku. Leo atakula hadi ushangae, kesho ataonja na kuacha, na ukijumlisha wiki nzima unakuta mambo si mabaya hata kidogo. Anayempima kwa bakuli moja la mchana lazima ahangaike.

Katika umri huo huo kuna jambo lingine linaloingia, nalo ni kuogopa chakula kigeni. Mtoto wa miezi 7 hupokea karibu kila kinachoingizwa mdomoni. Wa miaka miwili anatazama jani la mchicha kwenye wali wake, analitoa kwa ncha za vidole viwili, analiweka pembeni, kisha anakagua wali wenyewe kama umechafuka. Tabia hii huonekana kwa watoto wa kila bara, na huwa kali zaidi kati ya miaka 2 na 6. Wataalamu wengi wanaieleza kuwa ni urithi wa kale: kiumbe aliyeanza kutembea na kufikia majani na matunda ya porini alisalimika kwa kukataa asichokijua, hasa kilicho kichungu. Sina haja ya kuwashawishi juu ya habari za porini. Ninachotaka tukubaliane ni kwamba mtoto anayekataa matembele akiwa na miaka miwili hajakosa adabu, wala mama yake hajashindwa malezi. Amefika umri wake.

Kabla ya kuzungumzia mbinu zozote, hebu tuitazame siku yenyewe ilivyokwenda, maana mara nyingi jibu limelala humo. Saa 1 asubuhi mtoto amekunywa kikombe cha chai ya maziwa yenye sukari, na andazi moja. Saa 3 amelia, akanunuliwa pakiti ya biskuti dukani kwa jirani. Saa 4 na nusu mjomba kapita kusalimia na juisi ya boksi. Saa 6 kapewa kipande cha mkate atulie, jikoni bado kunapikwa. Saa 7 unaandaliwa wali na maharage, na mtoto hataki. Wanaomfundisha mama ulishaji hukadiria kwamba tumbo la mtoto hubeba kama gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 10, basi, ana nafasi ya gramu 300. Chupa moja ya soda ya mililita 300 inaijaza nafasi hiyo yote, na wala hajala. Huyu hachagui chakula. Ameshiba. Ameshibishwa vitu vitamu visivyomjenga, tena kwa mikono ya watu wanaompenda, na mchana watu hao hao wanamlaumu kwa kukosa hamu. Na chai, msikilizaji, ina ubaya wa ziada: inazuia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani, wakati Tanzania zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 wana upungufu wa damu. Simsemi anayenyonyesha. Maziwa ya mama yaendelee mpaka miaka 2 na kuzidi, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri. Nasema juu ya utitiri wa vitu vya kununua unaopita katikati ya milo bila mtu kuuhesabu.

Sasa tufike kwenye nguvu. Sote tunajua inavyofanyika. Mtoto analazwa mapajani, mikono yake inabanwa kwapani kwa mlezi, pua inazibwa ili mdomo ufunguke, na uji unamiminwa kwa kijiko au kwa kiganja. Analia, na katika kulia anavuta hewa pamoja na uji. Hapo ndipo hatari ya kwanza ilipo: mtoto hupaliwa, uji ukaingia njia ya hewa, na matokeo yake yanaweza kuwa homa ya mapafu au kifo. Wengi wetu hatufiki huko. Tunatumia nguvu ya maneno: maliza, maliza, kijiko kimoja cha baba, kimoja cha bibi, usipomaliza askari anakuja. Hii nayo imepimwa. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, akiwamo mwanasaikolojia Leann Birch aliyetumia maisha yake kuchunguza namna watoto wanavyojifunza kula, walichapisha matokeo ya jaribio la supu mbili, ya boga na ya mahindi. Watoto wa shule ya awali walikuwa wakihimizwa mara kwa mara wamalize supu moja, na supu ya pili wakaachiwa wanywe wapendavyo. Supu waliyohimizwa ndiyo waliyokunywa kidogo, na ndiyo waliyoisema vibaya. Mtoto akilazimishwa, anajifunza kwamba chakula hicho ni kitu ambacho watu hulazimishana. Kijiko alichomeza leo kwa machozi tunakilipa kesho kwa kukataa sufuria nzima.

Wengine watasema wao hawalazimishi, wanabembeleza. Kula mboga, nitakupa pipi. Mwaka 1984 Birch na wenzake walijaribu jambo hilo kwa kinywaji cha maziwa yaliyochachushwa ambacho watoto hawakukizoea. Waliokunywa kwa ahadi ya zawadi au ya kusifiwa walikipenda pungufu kuliko mwanzo, na waliopewa tu bila ahadi hawakupatwa na hilo. Ukimlipa mtu afanye jambo, umemwambia jambo lenyewe halina raha. Haki inanitaka niseme kwamba ushahidi kuhusu zawadi hauendi upande mmoja. Mwaka 2011 watafiti wa London waliwapa watoto wa miaka 4 hadi 6 vibandiko vya picha kila walipoonja kipande kidogo cha mboga, na watoto wakaipenda zaidi ile mboga. Tofauti naiona wazi: kibandiko kilikuwa cha kuonja kipande tu, wala hakikuwa chakula. Pipi ya kumaliza sahani ni habari nyingine, kwa sababu inaipandisha pipi cheo na kuishusha mboga. Na katuni za simu ziko kundi hilo hilo. Mtoto anayelishwa macho yakiwa kwenye simu anameza bila kujua anameza nini wala ameshiba lini. Bakuli linaisha, kweli, na jioni mlezi anaweza kusema amekula, lakini siku chaji ikiisha hakuna aliyejifunza kula.

Basi kama si nguvu wala hongo, ni nini? Kanuni ninayoiona kuwa bora iliandikwa na mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, katika kitabu chake cha mwaka 1983 kuhusu kulisha watoto. Yeye aligawa kazi. Mzazi anaamua ni chakula gani, saa ngapi na kiliwe wapi. Mtoto anaamua ale au asile, na ale kiasi gani. Ni rahisi kusema na ngumu kutenda, kwa sababu sisi hupenda kufanya kinyume chake kabisa: tunamwachia mtoto aamue aina ya chakula, kila akikataa ugali anapikiwa chipsi, kisha sisi tunashikilia kiasi, lazima ziishe. Nusu karne kabla ya Satter, daktari Clara Davis aliwachukua watoto 15 walioachishwa kunyonya karibuni, wenye miezi 6 hadi 11, akawaacha wajichagulie chakula wenyewe. Muuguzi alikaa karibu na kijiko mkononi, na alikatazwa kukipeleka mdomoni mwa mtoto mpaka mtoto mwenyewe aonyeshe kidole au anyooshe mkono. Milo yao ilikuwa vituko: kuna aliyepata kifungua kinywa cha maini na nusu lita ya maji ya machungwa, na kuna mayai kadhaa kwa ndizi na maziwa usiku. Walikua vizuri, na mmoja aliyekuja na ugonjwa wa mifupa laini alikunywa mafuta ya ini la samaki kwa hiari yake mpaka akapona. Watu wengi wanaosimulia jaribio hili husahau sehemu iliyo muhimu kuliko zote, ambayo Davis mwenyewe aliisisitiza mwaka 1939. Siri ilikuwa kwenye orodha ya vyakula. Vilikuwa aina 34: nyama, maini, mayai, maziwa, nafaka, matunda, mboga. Hapakuwa na sukari, biskuti wala soda. Mtoto alichagua apendavyo katika vile ambavyo mtu mzima alikuwa ameshavichagua.

Hapa ndipo mtu mwenye hoja nzito ananisimamisha. Ananiambia hayo ni mambo ya Marekani, ambako friji zimejaa na mtoto akiruka mlo mmoja hakuna linaloharibika. Kwetu mtoto akiachiwa aamue atadumaa. Hoja hii siidharau. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wa chini ya miaka 5 wamedumaa. Mwaka 2010 walikuwa asilimia 42, kwa hiyo tumepiga hatua, lakini watatu katika kila kumi si wachache. Kenya mwaka huo huo wa 2022 ilikuwa na asilimia 18. Ila hebu tuulize wamedumaa wapi. Mkoa ulioongoza Tanzania ni Iringa, zaidi ya nusu ya watoto wake, ukifuatiwa na Njombe na Rukwa. Hiyo ni mikoa inayolima mahindi na viazi mpaka kuwauzia wengine. Hakuna mtu atakayeniambia watoto wa Iringa wamezaliwa wakorofi wa kula kuliko wa Dar es Salaam. Wanachokosa kiko upande wa mtu mzima katika ule mgawanyo wa kazi: uji wa mahindi matupu siku baada ya siku, milo miwili badala ya mitatu au minne kwa sababu mama yuko shambani tangu alfajiri, mayai na dagaa visivyofika kwenye bakuli la mdogo, kuharisha kunakojirudia kwa maji machafu. Kumbana pua mtoto ili amalize uji mwepesi hakuongezi protini kwenye uji huo. Nguvu zote zile zinatumika mahali ambapo hakuna kinachopungua.

Tena kanuni yenyewe haikubaki kwa matajiri. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani na lile la afya la nchi za Amerika yalitoa misingi ya kulisha watoto wanaonyonya, yakiwalenga hasa wa nchi kama zetu, na ndani yake mmeandikwa: mlishe taratibu na kwa uvumilivu, mhimize lakini usimlazimishe, akikataa jaribu mchanganyiko mwingine au ladha nyingine, ongea naye mkitazamana. Huko vijijini Bangladesh, ambako umaskini ni wa kweli, mwanasaikolojia Frances Aboud na wenzake waliwafundisha akina mama njia hii. Katika jaribio moja watoto waliongezeka uzito zaidi kidogo kuliko wenzao. Katika jingine, la mwaka 2009, uzito haukuongezeka kuliko wengine, ila watoto walijilisha zaidi na mama zao wakawa wasikivu zaidi. Hayo si matokeo ya kupigiwa vigelegele, nakubali. Lakini kwa jumla watoto hawakukonda kwa kutolazimishwa, na hilo ndilo hasa mpinzani wangu alilokuwa akilihofia.

Tena nisieleweke vibaya. Kumwachia mtoto aamue kiasi si kumwekea bakuli sakafuni na kurudi kwenye simu. Chukua sinia letu. Lina uzuri mkubwa, na nisingependa kuona linatoweka: mtoto anaona kaka yake akimega ugali, anaona mama akitafuna kisamvu kwa furaha, na hakuna mafundisho ya chakula yanayopita hayo. Lakini kwenye sinia hilo hilo wakubwa wana mikono mirefu na mwendo wa haraka, na mdogo wa miaka miwili anapogundua kuwa samaki ni mtamu, samaki amebaki mifupa. Hakuna anayejua kala kiasi gani. Kwa hiyo akae kwenye sinia pamoja na wengine, lakini awe na kisahani chake pembeni, ametolewa sehemu yake ya kitoweo mapema na miiba imeondolewa, na mtu mmoja awe na jukumu la kumtazama. Aruhusiwe kutumia mkono. Atachafua, atadondosha, nusu ya maharage itaishia kwenye fulana. Akisimama na kwenda zake, akaulizwa mara moja kama ameshiba na akakataa kurudi, chakula kiondolewe bila kelele, na asipewe biskuti dakika kumi baadaye. Mlo ujao utafika baada ya saa mbili au tatu, naye ataufikia na njaa. Kwa mtoto wa miezi 9 hadi 23, milo mitatu au minne na vitafunwa mara moja au mbili ndiyo hesabu inayoshauriwa, kwa hiyo hakuna anayeshindishwa njaa.

Pana anayeona hii ni kumlea mtoto awe mbabe, ati leo anachagua chakula, kesho atachagua shule. Namuelewa, kwani katika nyumba zetu kukataa chakula ni kumkosea aliyekipika. Lakini katika utaratibu huu mtoto hachagui chakula. Chakula cha nyumba ni kimoja, na hakuna sufuria ya pili inayotiwa mafuta kwa ajili yake. Anachoruhusiwa ni kusema nimeshiba, neno ambalo hata mgeni anaruhusiwa kulisema. Nyongeza ndogo tu: katika kile kilichopikwa, pawe na walau kitu kimoja anachokifahamu. Kama leo ni bamia, ambayo hajaizoea, iambatane na wali au ndizi anayoila. Na kama kuna wa kufundishwa adabu hapa, mara nyingi ni wageni na majirani wanaotia pipi mikononi mwa mtoto wa mwenzao bila kuuliza.

Kuhusu vyakula asivyovizoea, dawa yake ni kurudia, na watu huacha mapema mno. Utafiti wa Birch wa mwaka 1982 kwa watoto wa miaka miwili ulionyesha kwamba kadiri walivyoonja chakula kigeni mara nyingi ndivyo walivyozidi kukipenda, na wataalamu leo huzungumzia mara 8 hadi 15 kabla hujaamua kwamba mtoto hakipendi. Wazazi wengi hujaribu mara tatu, wakahitimisha: huyu hali mchicha. Tena ni lazima aonje. Kukitazama tu hakutoshi. Mama anayepanga bajeti kwa shilingi ataniuliza, nitupe chakula mara 15 na hivi mafungu ya mboga yamepanda? Hapana, mama. Hakuna anayekudai bakuli. Ncha ya kijiko cha chai inatosha, tena kutoka kwenye mboga mliyokwisha kuipika kwa ajili yenu. Akiitema, umepoteza majani mawili. Kesho kutwa inarudi, bila hotuba wala makofi. Parachichi, papai, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, dagaa waliosagwa wakachanganywa kwenye uji, mayai, karanga zilizosagwa na si nzima maana zinakaba, vyote hivyo vinaweza kuingia kwa njia hii, na vingi havihitaji duka kubwa.

Mzigo wa hayo yote, tusijidanganye, mara nyingi haubebwi na mama wala baba, bali na dada wa kazi. Yeye ndiye anayekaa na mtoto tangu saa 12 asubuhi, na yeye ndiye anayepimwa kwa bakuli tupu. Mama akirudi na kuuliza tu kama mtoto amemaliza, dada atatafuta namna ya kumalizisha, kwa simu, kwa pipi, kwa kumbana, au chakula kitamwagwa na jibu liwe ndiyo. Muulize badala yake alimpa nini na saa ngapi, na mtoto alikula akiwa ameketi na nani. Mwambie waziwazi kwamba chakula kikibaki hatagombezwa. Sijui mabadiliko mengine ya bei rahisi kama hayo. Akina baba nao wasikae pembeni wakisubiri ripoti, kwa sababu mtoto mdogo hupenda kula anachomwona baba yake anakila, na baba anayesukuma mboga pembeni ya sahani amekwisha kufundisha.

Kuna njia ya mkato inayouzwa madukani ambayo siwezi kuipita kimya: dawa za maji za kuongeza hamu ya kula. Baadhi zina siproheptadini, ambayo ni dawa ya mzio, inayojulikana kwa kuleta usingizi, na haikusudiwi kwa watoto wa chini ya miaka 2. Mtoto mzima wa afya hana ugonjwa wa kutibiwa kwa chupa hiyo, na mtoto mgonjwa anahitaji ugonjwa wake utafutwe. Asipewe bila daktari, hata kama muuza duka anaapa kwamba wateja wote wanarudi kuishukuru.

Na hapo ndipo hoja yangu inapoishia, kwa sababu nilikuwa nikisema juu ya mtoto mzima, anayecheza, anayekua. Si kila anayekataa chakula yuko hivyo. Mwenye homa, mwenye vidonda au utando mweupe mdomoni, anayeharisha, anayetapika kila akila, anayepaliwa kila apewapo chakula kigumu kidogo, huyo ana sababu nyingine. Minyoo pia ipo, na dawa yake hutolewa kila baada ya miezi 6 kwenye kampeni pamoja na matone ya vitamini A, kwa hiyo usiikose siku hiyo. Kadi ya kliniki ndiyo shahidi wa kuaminika kuliko macho ya jirani: mstari wa uzito ukiendelea kupanda sambamba na ile iliyochorwa, mtoto wako mdogo wa umbo si mgonjwa, ni mdogo wa umbo. Mstari ukilala miezi miwili mfululizo, au ukishuka, usingoje mwezi wa tatu. Vivyo hivyo mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 ambaye mkono wake wa juu, ukizungushiwa utepe, unasoma chini ya sentimita 11.5, yaani kwenye rangi nyekundu, ana utapiamlo mkali, na hahitaji mazungumzo ya redio. Mpeleke kituo cha afya leo hii, na kadi yake mkononi.